Ushahidi wa Herufi Moja: Mhadhara juu ya printf na Aina za Vigeu

Ulitolewa mbele ya wanafunzi, walimu na wakazi katika ukumbi wa mtaa, Eastlands, Nairobi, na umechapishwa kwa ombi la waliohudhuria.



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo mno kustahili mhadhara, nalo ni herufi ile inayofuata alama ya asilimia katika amri ya printf ya lugha ya C. Nimekubali bila ya kusitasita, kwani katika muda wote niliofundisha fani hii kwenye vyuo vidogo vya Jogoo Road na Donholm, vile vilivyo ghorofani juu ya maduka ya vipuri na saluni, sijaona jambo jingine linalowapotezea wanafunzi saa nyingi kama hili, wala jingine linalofundishwa kwa pupa kama hili. Mwalimu huandika ubaoni kwamba %d ni ya namba kamili, %f ni ya desimali, %c ni ya herufi moja na %s ni ya maneno. Wanafunzi hunakili, mtihani huuliza, nao hujibu wakapasi. Orodha hiyo ni sahihi. Ila haisemi sababu, na mwanafunzi aliyekariri vibainishi hivyo vinne bila ya sababu hukwama siku anapokutana na cha tano.

Basi tuanze na sababu. Kumbukumbu ya tarakilishi haina majina wala haina aina. Ina biti tu, zilizopangwa nane nane katika baiti, na kila baiti imo mahali pake kimya, haijitambulishi kuwa ni umri wa mtu au ni herufi ya jina lake. Aina ya kigeu, ile tunayoiandika int au double au char, ni ahadi iliyomo katika maandishi ya programu, nayo inajulikana na kompaila peke yake, yaani ile programu inayoyageuza maandishi hayo kuwa maagizo ya mashine. Kompaila ikishamaliza kazi yake, ahadi hiyo hutoweka, na kinachobaki ndani ya mashine ni biti tupu. Chukua namba 65 uiweke katika kigeu cha int, kisha uichapishe mara tatu: kwa %d utaona 65, kwa %c utaona herufi A, na kwa %x utaona 41, ambayo ni 65 ileile katika hesabu ya msingi wa kumi na sita. Zote tatu ni jawabu halali, na hakuna chochote ndani ya kumbukumbu kilichobadilika baina ya moja na nyingine. Kilichobadilika ni ushahidi ulioutoa wewe.

Sasa, amri nyingi za C hutangazwa pamoja na idadi na aina za vitu zinavyopokea, kwa hivyo kompaila huweza kumzuia mwandishi anapopeleka kisichofaa, au huweza kukigeuza kifae. Lakini printf iliumbwa ipokee kitu kimoja au ishirini, vya aina yoyote, kwa utaratibu wowote. Uhuru huo una gharama yake, nayo ni kwamba printf, inapoanza kazi, haina njia yoyote ya kujua imeletewa nini isipokuwa kuyasoma yale maneno ya kwanza uliyoyafunga ndani ya alama za kunukuu, na kuuamini kila ushahidi inaoukuta humo. Ukisema %d, itachota kipimo cha int na kukitafsiri kama int, hata kama ulichoweka hapo ni bei yenye desimali au ni anwani ya jina la mama yako.

Walioiunda hawakuwa watu wazembe. Dennis Ritchie alikuwa akiijenga C huko Bell Labs, Marekani, mnamo 1972, juu ya mashine ambayo leo ingeonekana duni kuliko simu ya kawaida iliyomo mfukoni mwa makanga wa Umoja, na kila baiti ilikuwa mali. Wazo la kuweka alama ya asilimia ndani ya maneno alirithi. Lilikuwamo katika writef ya lugha ya BCPL, aliyoibuni Martin Richards wa Cambridge katika miaka ya 1960, likapitia lugha ya B ya Ken Thompson, ndipo likafika C. Kitabu cha Kernighan na Ritchie cha 1978 kiliieneza printf duniani, na kanuni rasmi ya 1989 ikaithibitisha, pamoja na sharti ambalo wanafunzi wetu hawasomeshwi: kwamba hoja, yaani kitu kinachopelekwa kwa printf, isiyolingana na kibainishi chake haina hukumu. Kanuni haisemi programu itakosea, wala haisemi itasimama. Inanyamaza, na lolote litakalotokea baada ya hapo ni halali mbele ya kanuni.

Lakini kunyamaza kwa kanuni hakuna maana kwamba yanayotokea hayana sababu, na mimi hupenda kuwaonyesha wanafunzi sababu hizo, maana mtu akishaona kosa lilivyopita hadi likafika kwenye kioo, hakariri tena. Tuchukue tarakilishi ya zamani ya biti 32, mfano wa zile zilizojaa katika saibakafe za Buruburu miaka ya 2000. Mwandishi anataka kuchapisha 1.5 na 7, lakini ameandika %d %d. Namba 1.5 ni double, nayo hukaa katika baiti 8. Kila %d huchota baiti 4. Hapo ni sawa na mchuuzi aliyepimiwa pishi nzima akaambiwa ni kibaba: atampimia mteja wa kwanza kibaba kimoja, na yanayobaki katika pishi atamhesabia mteja wa pili kuwa ndiyo haki yake. Kioo kitaonyesha 0, kisha 1073217536. Sifuri ni nusu ya chini ya 1.5, kwa kuwa nusu hiyo kweli ni tupu. Ile namba kubwa ni nusu ya juu, ikisomwa kama namba kamili. Na ile 7 yetu, ambayo ilikuwa sahihi na ilikuwa na kibainishi chake sahihi, haikuonekana kabisa. Kosa la wa kwanza limemdhulumu wa pili. Ndiyo maana nawaambia vijana kwamba kioo kinapokuonyesha namba ya ajabu, usiikazie macho hiyo peke yake. Irudie na ile iliyoitangulia.

Katika mashine za leo za biti 64 mambo yamebadilika sura. Katika Linux, namba kamili hupelekwa kwa printf kupitia rejista (vyumba vidogo ndani ya kichakataji) za aina moja, na desimali kupitia rejista za aina nyingine, kwa hivyo ukiandika %d ukapeleka 3.5, printf hukiendea chumba ambacho hukuweka kitu ndani yake, ikachukua mabaki ya kazi iliyopita. Ukiandika %f ukapeleka 5, aghalabu utaona 0.000000. Mwanafunzi huendesha programu mara mbili akaona namba mbili tofauti, akasema mashine ina virusi.

Sasa niwasimulie kisa kimoja kwa utulivu, kwa kuwa kina ndani yake karibu kila ninalotaka kulisema. Kijana mmoja wa Kayole, fundi hodari wa umeme, alijitengenezea kidude cha kuhesabu maji katika kibanda cha kuuzia maji cha jamaa zake. Alitumia bodi ya Arduino Uno, kipima mtiririko, na kioo kidogo cha mistari miwili chenye nafasi 16 kila mmoja. Kila mtungi wa lita 20 ulipojaa, kigeu cha lita kiliongezeka kwa 20, na sprintf, ambayo ni ndugu wa printf anayeandika ndani ya kumbukumbu badala ya kuandika kwenye kioo, iliandaa mstari wa kuonyesha. Kijana alikuwa ametangaza lita kuwa unsigned int, na alifanya vyema, maana lita hazishuki chini ya sifuri. Lakini katika kibainishi aliandika %d, kama alivyofundishwa kwamba %d ni ya namba kamili.

Kwenye bodi hiyo int ina baiti 2 tu, wala si 4 kama kwenye kipakatalishi alichotumia kuandikia. Unsigned ya baiti 2 hufika 65,535, lakini %d huzisoma biti hizohizo kama namba yenye ishara, na namba yenye ishara huishia 32,767. Kidude kilifanya kazi kwa uaminifu mpaka mtungi wa 1,638, kikaonyesha lita 32,760. Mtungi wa 1,639 ulipojaa, kikaonyesha −32756. Maji yalikuwa yametoka, fedha zilikuwa zimelipwa, kigeu ndani ya kumbukumbu kilikuwa na 32,780 sahihi kabisa, na kioo kilikuwa kikishuhudia kwamba kibanda kinawadai wateja warudishe maji.

Akabadilisha %d kuwa %u, na mambo yakanyooka mpaka mtungi wa 3,277, ambapo lita zilipaswa kuwa 65,540, na kioo kikaonyesha 4. Safari hii kigeu chenyewe ndicho kilichojaa. Akakipanua, akakifanya unsigned long, chenye baiti 4 na uwezo wa kufika 4,294,967,295. Akakiacha kibainishi vilevile, %u. Kioo kikaendelea kuonyesha 4. Hapo ndipo aliponijia, akiwa na yakini kwamba bodi ni bandia kutoka Luthuli Avenue, ilhali bodi haikuwa na hatia: hazina ilikuwa imepanuliwa, lakini msomaji alikuwa bado ameamriwa achote baiti mbili za chini na kuziacha mbili za juu. Herufi moja, l, katikati ya asilimia na u, ikamaliza ubishi. Wala sikumlaumu, kwa sababu orodha ya ubaoni aliyoikariri haikuwa na %lu. Baadaye alitaka kuonyesha pia kasi ya maji kwa desimali, akaandika %.1f, na kioo kikampa alama ya kuuliza. Hilo si kosa la aina, bali ni ubahili wa maktaba ya bodi hiyo, ambayo huacha nje uchapishaji wa desimali ili kuokoa nafasi katika chipu yenye kilobaiti 32 tu. Nalitaja ili msije mkadhani kila kioo kinachokasirika kimekasirishwa na wewe.

Kutoka maji twende kwenye simu. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, karibu kila programu ndogo inayoandikwa katika mitaa hii, ya kukusanya michango ya chama au kodi za ploti, ina nambari za simu ndani yake, na karibu kila mwanafunzi hujaribiwa kuziweka katika kigeu cha namba. Nambari ya Kenya ikiandikwa kwa ukamilifu, kwa 254 mwanzoni, ina tarakimu 12. Chukua ya mfano tu, 254700000000; haiwezi kuenea katika int ya baiti 4, na ukiiweka katika long long kisha ukaichapisha kwa %d, mashine nyingi zitakuonyesha 1296929536, namba ambayo inapendeza macho, haina alama ya kutoa, na kwa hivyo hudanganya vizuri zaidi kuliko ile ya kibanda cha maji. Ukiiweka katika long, itaenea katika Linux ya biti 64, ambako long ni baiti 8, na haitaenea katika Windows, ambako long ni baiti 4. Programu iliyoandikwa Dandora kwa Linux ikahamishiwa tarakilishi ya Windows ya karani wa Makadara itabadilisha simu za wanachama wote bila ya mtu kugusa herufi.

Na anayekimbilia kuiandika kwa sifuri ya mwanzo hajaokoka. C huichukua namba inayoanza na sifuri katika maandishi ya programu kuwa ni ya msingi wa nane: andika 0700 uichapishe kwa %d, na utapewa 448. Dawa ya haya yote haimo katika kutafuta kibainishi kikubwa zaidi. Nambari ya simu haijumlishwi wala haigawanywi. Hakuna aliyewahi kutafuta wastani wa simu za majirani zake. Iwekwe kama mfuatano wa herufi, ichapishwe kwa %s, na sifuri yake ya mbele ibaki na heshima yake. Naona walimu wengi hufundisha kulinganisha kibainishi na aina, jambo ambalo ni wajibu, lakini husahau kwamba aina nayo yapasa kulinganishwa kwanza na kitu chenyewe kilichoko duniani.

Fedha, kwa upande wake, hujumlishwa, na tena hapa mitaani hujumlishwa kwa macho makali. Ushauri wa mafundi wa hesabu ni kuziweka kwa senti, katika namba kamili, wala si katika float, ambayo ikishapita 16,777,216 huanza kuzikosa namba nyingine moja moja. Lakini senti hujaza kigeu upesi: int ya baiti 4 hufikia ukomo wake kwenye shilingi 21,474,836 na senti 47, na chama cha wenye matatu kinaweza kuvuka hapo kabla ya mwaka kwisha. Basi ni long long, na kibainishi chake ni %lld, kilichothibitishwa na kanuni ya 1999. Chama chenye shilingi milioni 25 kilichoweka senti zake katika long long, lakini mwandishi wake akaandika %d, aghalabu kitaona kwenye kioo −1794967296, yaani deni la shilingi milioni 17 na zaidi. Na mimi nisingependa kuwa mweka hazina siku hiyo ya mkutano. Uandishi sahihi ni %lld.%02lld, wa kwanza ukipewa senti zilizogawanywa kwa 100 na wa pili ukipewa baki, na ile 02 ikiamuru kwamba senti 5 ziandikwe 05, zisije zikasomeka kama hamsini.

Kuna swali ambalo wanafunzi huniuliza kila muhula, na ni swali la haki: ikiwa printf ni kali hivi, mbona %f inakubali float na double pia, na mbona %d inakubali char na short? Jawabu ni kwamba hoja zinazopelekwa kwa amri isiyo na idadi maalumu hupandishwa cheo njiani. Float hugeuzwa double, na char na short hugeuzwa int, kabla ya printf kuziona. Kwa scanf, inayosoma badala ya kuandika, hakuna upandishaji, kwa kuwa hupelekewa anwani ya kigeu, na anwani haikuzwi wala haipunguzwi. Kwa hivyo huko %f ni ya float tu na %lf ni ya double tu, na anayekosea hafanyi kosa la kuonyesha, bali anaandika baiti mahali pasipo pake, ambalo ni kosa zito zaidi. Kulifafanua kunahitaji siku yake.

Mtu ataniuliza, je, hakuna mlinzi? Yupo, na hana malipo. Kompaila ya GCC, ambayo hupatikana bure, hujua vibainishi vya printf kwa moyo. Ukiiamuru kwa -Wall itasoma maneno yako, italinganisha kila kibainishi na aina ya hoja yake, na itakuonya kwa mstari na nafasi kabla programu haijaendeshwa hata mara moja. Ukiongeza -Werror itakataa kabisa kuitengeneza. Kijana wa Kayole angeonywa mara ile alipopanua kigeu na kukiacha %u. Lakini programu ya Arduino, kwa mazoea yake, huja ikiwa imezimwa maonyo, na sharti uingie katika mapendeleo uyawashe. Hapa nina lalamiko. Viko vyuo ambavyo hata leo vinafundishia Turbo C, ile ya kioo cha buluu iliyotolewa na Borland mwaka 1987, ambamo int ni ya baiti 2 na vibainishi havikaguliwi, kwa hoja kwamba ndiyo iliyomo katika noti za mwalimu. Mwanafunzi analipa karo kamili, anafunzwa kwa chombo kisichoonya, na anatoka akiamini kwamba onyo ni matusi. Wengine wameniambia waziwazi kwamba huyafuta maonyo kwenye kioo ili wasiyaone. Mimi huwaamuru wayasome kwa sauti mbele ya darasa, na sioni haya kulisema hili hapa mbele ya wazazi wao.

Limebaki moja, na nimelitia mwisho kwa makusudi kwa sababu ni la hatari kuliko yote, na -Wall peke yake haitoshi kulikamata. Litakiwalo ni kuongeza -Wformat-security. Kosa lenyewe ni pale mwandishi asipoandika kibainishi chochote. Ana jina la kikundi katika kigeu kiitwacho jina, na badala ya kuandika printf("%s", jina), huandika printf(jina), akaona amefupisha. Kwa vikundi vingi itafaa. Kisha anakuja mwenyekiti wa vijana anayesajili kikundi kwa jina la Akiba 100% salama. Printf husoma mpaka kwenye asilimia, hukuta nafasi, ambayo ni moja ya alama inazozitambua, hukuta herufi s, na kuamini kwamba imeamriwa ichapishe maneno. Haikuletewa maneno, basi huchukua chochote kilichopo, hukiona kuwa anwani, huenda huko, na ama huchapisha takataka zikifuatwa na herufi zilizobaki, "alama", ama programu yote huanguka. Kikundi kikiitwa 100% dhahiri kitachapishwa kwa namba ya ajabu ikifuatwa na "hahiri". Na mwenye nia mbaya anaweza kuandika jina lenye %n, ambayo haichapishi bali huandika ndani ya kumbukumbu. Tangu mwaka 2000 hivi wadukuzi wameitumia njia hiyo kuingia katika seva za watu.

Msidhani hilo ni la wanafunzi tu. Mnamo Juni 2021 iligunduliwa kwamba simu ya iPhone ikiunganishwa na mtandao wa Wi-Fi ulioitwa %p%s%s%s%s%n, Wi-Fi ya simu hiyo hukatika, na hubaki imekatika hata ikizimwa na kuwashwa tena, mpaka mipangilio ya mtandao ifutwe. Kampuni ya Apple ikalirekebisha kosa hilo katika toleo la 14.7 la mfumo wa simu hizo mwezi uliofuata. Jina la mtandao lilikuwa limesomwa kama amri. Mliokuja na vipakatalishi, andikeni printf(jina) kwa kile kikundi cha Akiba 100% salama mwone wenyewe yanayotokea, kisha muiandike kwa %s. Na wakati mnafanya hivyo, mwenyekiti wa kikao hiki atapokea maswali.